Nimtambueje mwalimu anayetumia TEHAMA vizuri darasani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari ya kata mkoani Morogoro. Tuna projekta moja, kompyuta mpakato mbili, na vishikwambi tulivyopewa walimu baada ya Sensa ya 2022. Mkuu wa shule amenipa kazi ya kubaini walimu wanaotumia TEHAMA vizuri ili wenzao waige. Nimefungua daftari la kusaini kila anayechukua projekta. Je, kigezo hicho kinatosha? Na nikishawabaini, ujuzi wao nausambazaje pasipo kuitisha semina nyingine ya watu kusinzia?

JIBU: Daftari hilo litakuonyesha projekta ilikuwa kwa nani. Kama wanafunzi walijifunza kitu, hilo halitakuambia. Peru waliliona hili kwa gharama kubwa. Serikali iligawa kompyuta ndogo za mradi wa One Laptop per Child (yaani kompyuta moja kwa kila mtoto), na mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya Mabara ya Amerika ikatoa tathmini iliyohusisha shule za msingi 319 za vijijini. Kompyuta ziliongezeka na zilitumika kweli, lakini hapakupatikana ushahidi kwamba alama za hisabati na lugha zimepanda. Angehesabu mtu matumizi peke yake, angeandika kwamba mradi umefaulu.

Kwa hiyo ingia darasani, kaa nyuma, na uwatazame wanafunzi kuliko unavyomtazama mwalimu. Jiulize: kifaa hiki kinawafanya wafikiri nini ambacho chaki isingewafikisha kirahisi?

Chukua somo la umeme, Fizikia Kidato cha Pili. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kinatoa bure programu za majaribio ziitwazo PhET, na mojawapo humwezesha mwalimu kuunga betri, waya na balbu kwenye skrini. Mwalimu wa kwanza anaunga saketi, balbu zinawaka, darasa linashangilia, kengele inalia. Mwalimu wa pili anaunga balbu mbili zinazofanana kwa mfululizo, ila anaacha swichi wazi, umeme usipite. Anauliza: ipi itawaka zaidi? Kila mwanafunzi anaandika jibu lake daftarini, kisha anabishana na jirani yake. Wengi watachagua balbu ya kwanza kutoka kwenye betri, kwa kuamini kwamba umeme unaliwa njiani na ya pili inapata mabaki. Hilo ni kosa sugu, na watafiti wa ufundishaji wa Fizikia wamelikuta nchi nyingi. Ndipo anapofunga swichi. Balbu zinawaka sawasawa. Anaweka ammita, yaani kipimo cha mkondo wa umeme, kabla ya balbu ya kwanza, halafu baada ya ya pili, na namba ni ileile. Sasa wanafunzi wana jambo la kujieleza wenyewe, maana walichoandika na wanachokiona havipatani.

Projekta ni ileile na programu ni ileile, na kwenye daftari lako walimu hao wawili wangeonekana sawa kabisa. Unayemtafuta ni huyo wa pili.

Baada ya siku chache, wape wanafunzi wake maswali mawili mafupi ya mada hiyo, yenye saketi ambayo hawajaiona. Usiwaulize kama walifurahia kipindi. Watakujibu ndiyo, na hutakuwa umejua lolote. Mwulize mwalimu naye: umeme ukikatika katikati ya kipindi, unaendeleaje? Anayejua shabaha ya somo lake atakuwa na jibu.

Usidharau matumizi madogo. Mwalimu wa Hisabati anayepiga picha kwa kishikwambi hesabu iliyokosewa, akaficha jina, akaionyesha ukutani na kuliuliza darasa hatua ipi imepotoka, anafanya kazi kubwa kuliko anayehamishia notisi zote kwenye slaidi ili zinakiliwe. Huyo wa slaidi amebadilisha ubao tu. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu mara nyingi slaidi za rangi ndizo zinazosifiwa wageni wakija.

Kuhusu kusambaza, usisambaze kifaa wala jina la mwalimu bora. Sambaza kipindi. Mwombe mwalimu aandike ukurasa mmoja: mada, kosa la wanafunzi alilolilenga, swali alilouliza kabla ya kugusa kifaa, na mahali alipokwama. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo itakayowapa wenzake ujasiri wa kujaribu, hivyo isiachwe tupu.

Kisha tumia Jumuiya ya Kujifunza ambayo tayari mnayo chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini). Walimu wakae kama wanafunzi, wafundishwe kipindi hicho chenyewe, waandike majibu yao, wabishane. Baada ya hapo mmoja wao akifundishe kwenye mkondo wake, mwenye kipindi akiwa amekaa nyuma anaandika, na wote wawili wakirekebishe. Walimu wa Japani wana desturi ya namna hii, wanaiita jugyō kenkyū, na ina zaidi ya miaka mia moja. Kipindi kinachofanya kazi kwa mwalimu mmoja tu hakijawa tayari kupelekwa shule jirani. Kikishafanya kazi kwa wawili au watatu, kipeleke.

Faili zenyewe si tatizo. Majaribio mengi ya PhET hupakuliwa na kufunguka kwenye kivinjari bila intaneti, kwa hiyo flashi moja inatosha shule nzima. Mkirekodi video, elekezeni kamera ubaoni na mikononi, si kwenye nyuso za watoto. Taarifa za watoto zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na video ikishaingia kundi la WhatsApp huwezi kuirudisha.

Daftari la projekta usilitupe. Liongezee safu moja: "Swali nililouliza kabla ya kuwasha." Safu hiyo ikijazwa kwa mwezi mmoja, utajua uanze kukaa nyuma ya darasa la nani.