Maswali na Majibu: Yuko Darasa la Nne, Kusoma Hajui

Shikamooni. Mwanangu yuko darasa la nne hapa Newala. Ukimpa kitabu chake cha shule anasoma ukurasa mzima bila kukwama. Nikimwandikia sentensi yangu mwenyewe anaduwaa. Mwalimu ananiambia nisiwe na wasiwasi. Niwe nao au nisiwe nao?
*Mama wa watoto watatu, Newala*

Marahaba, mama. Uwe nao. Huyo mtoto hasomi, amekariri. Darasa la watoto themanini wenye vitabu vichache husoma kwa kuitikia: mwalimu anatangulia, wote wanafuata kwa sauti moja. Baada ya miezi miwili mtoto ameokota kitabu kizima kwa masikio, macho hayamo.

Mpime mwenyewe. Andika hadithi fupi ambayo haimo kitabuni, maneno kama 60, ya mbuzi aliyekata kamba au mzee aliyekwenda mnadani. Andika kwa herufi za chapa zilizoachana, si mwandiko wa kuunganisha. Weka saa ya simu dakika moja, kisha hesabu maneno aliyosoma sawasawa. Mtoto anayemaliza darasa la pili hutarajiwa kufikisha maneno 50 kwa dakika. Akimaliza, muulize maswali matatu ya hadithi hiyo. Akisoma mbio lakini hajibu hata moja, tatizo lake ni uelewa. Akisoma chini ya maneno 20, shuka ngazi: mpe silabi 20 zilizochanganywa, *ke, bo, ti, mu, la*. Wapo wengi wanaoimba *ba be bi bo bu* vizuri sana, ila ukiitenga *bi* peke yake hawaijui. Hapo ndipo aliposimama, na hapo ndipo pa kuanzia, hata kama sare yake ni ya darasa la nne.

Kinachohitajika ni dakika 20 kila siku. Saa mbili za Jumapili hazisaidii. Kata boksi la sabuni vipande 25, uandike silabi za m, k, t, l na b pamoja na irabu zote tano. Changanya, avute kimoja kimoja. Asizitaje herufi majina, atamke sauti. Akizijua hata zikiwa zimechanganywa, aunganishe maneno: *kuku, kiti, bata, kobe, lima, kamata*. Ongeza konsonanti mbili kila wiki. Zile za kuambatana, *mb, nd, nj, ch, ng'*, ziache mwisho. Ukizileta mapema atarudi kubahatisha.

Jambo moja la kwetu huku. Nyumbani mtoto anasikia *ntoto*, *nnazi*, hata mji wa mkoa ni *Ntwara*. Kitabuni anakuta *m* mbele ya *t* na anatafuta sauti ambayo masikio yake hayaijui. Hali ni hiyohiyo kwa *l* na *r*, anayesema *kalanga* ataandika *kalanga*. Huo si ujinga, na mwalimu anayemcheka mbele ya wenzake amemfunga mdomo kwa mwaka mzima. Mwandikie maneno hayo mawili mawili: tunavyosema, tunavyoandika.

Ukienda shuleni usiulize "maendeleo yake vipi", maana utajibiwa "mazuri". Nenda na karatasi ya kipimo, uulize: anajua silabi zipi, na nani atamkalisha na wenzake wa kiwango chake? Nenda mapema. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne kwa kawaida ni Oktoba, na Oktoba ndiyo hiyo anayoilalamikia msomaji anayefuata.

Msimu wa korosho ukianza, madarasa yetu hubaki nusu. Tumetoza faini, tumetuma mgambo, hali ni ileile.
*Mjumbe wa kamati ya shule, Tandahimba*

Faini ikitozwa wakati wa minada, mzazi anailipa kwa hela ya mauzo ya kwanza na mtoto anabaki shambani. Mnakusanya hela tu. Ielewe kwanza kazi yenyewe: korosho huanguka pamoja na bibo, tunda lake, na isipookotwa mapema, hasa mvua za mwishoni mwa mwaka zikianza, hubadilika rangi na daraja linashuka. Mzazi anaona hasara leo. Hasara ya kusoma ataiona baada ya miaka sita.

Mtoro wa siku mbili kwa wiki, kwa wiki kumi za msimu, amepoteza siku 20 kati ya 194 za mwaka wa masomo, yaani sehemu moja ya kumi. Huo ni utoro rejareja, na ndio unaoua kusoma, kwa sababu daftari halimwoneshi kama mtoro sugu. Silabi zilizofundishwa Jumanne aliyokosa hazirudiwi.

Fanyeni hivi. Kila Ijumaa mwalimu wa zamu atoe orodha ya waliokosa siku mbili au zaidi, Jumamosi mwenyekiti wa kitongoji apite nyumba hizo. Mtagundua wengi hawakukaidi: familia imehamia kwenye kibanda cha shambani kilomita nane kutoka shuleni. Huyo hahitaji mgambo, anahitaji bibi au shangazi wa kubaki naye kijijini siku za masomo. Wa karibu wakubaliane na wazazi waokote baada ya saa nane mchana na Jumamosi. Mwombeni mwalimu mkuu vipindi vya kusoma na hesabu vikae asubuhi, wakati watoto wapo.

Uji ndio unaorudisha watoto kuliko barua zote. Kwa watoto 300, gramu 60 za unga kwa kila mmoja ni kilo 18 kwa siku. Siku 50 za msimu ni kilo 900. Tuseme unga ni shilingi 1,200 kwa kilo: jumla 1,080,000. AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inayokusanya tani 150 za korosho, ikikata shilingi 20 tu kwa kilo, inapata 3,000,000, na zinabaki za sukari, karanga za kusaga na mpishi. Makato hayo yapitishwe na mkutano mkuu wa wanachama na yaandikwe kwenye muhtasari, la sivyo mwaka wa pili mtagombana. Mtoto ambaye mzazi wake hana hata mkorosho mmoja anywe kama wengine, na asirudishwe nyumbani mtu kwa mchango.

Na unyago: zungumzeni na makungwi mwezi Septemba, wala si Desemba ngoma zikiwa zimeshapigwa. Tarehe ya watoto kutoka unyagoni iwe kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Tuna walimu wanne na wanafunzi 360. Je, fedha ya uendeshaji inaweza kumlipa mwalimu wa kujitolea?
*Mzazi, Nachingwea*

Piga hesabu. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 kati yake ni za vitabu vinavyonunuliwa serikalini, zinazofika shuleni ni 6,000. Kwa watoto 360 ni 2,160,000, yaani 180,000 kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, vyote humo. Mshahara haumo. Kwa uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 mnastahili wanane, kwa hiyo barua ya kudai walimu iende halmashauri ikiwa na hesabu hiyo.

Wakati mnasubiri, angalieni mlivyowapanga wanne mlio nao. Shule nyingi humpeleka mwalimu hodari darasa la saba kwa ajili ya mtihani, na darasa la kwanza humwachia kijana wa kujitolea aliyemaliza kidato cha nne. Ni kinyume. Asiyejua silabi akiwa na miaka minane hataokolewa na masomo ya usiku akiwa na kumi na tatu. Kijana wa kujitolea amsaidie mwalimu wa darasa la kwanza kwa vikundi vidogo, na alipwe na kijiji.

Shule yetu imefaulisha asilimia 100. Mbona mnasema elimu imeshuka?
*Mkazi wa Liwale*

Chukua daftari la uandikishaji la darasa la kwanza la miaka saba iliyopita. Wakiwa waliandikishwa 52 na waliofanya mtihani wa darasa la saba ni 17, basi wamefika theluthi moja, na asilimia 100 ni ya hao waliobaki. Waliohama watoe, wengine waulizie mmoja mmoja. Pia tazama madaraja kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani: mtihani una alama 300 na C inaanzia 121. Shule ya C tupu imefaulu, lakini huenda ni kwa wastani wa kama 20 tu kati ya 50 kila somo.

Binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi?
*Shangazi, Nanyumbu*

Ndiyo, tangu Novemba 2021. Aende na mzazi kwa mwalimu mkuu, na mtoto mchanga awe amepatiwa wa kumlea saa za masomo. Akikataliwa, nendeni kwa afisa elimu wa kata mkiwa na jina la aliyewakatalia na tarehe.