Chui wa Shaame, na hesabu ya mnyama wa mhusika mwenye fani mbili

Chui wa Shaame alikufa kabla hajanguruma. Tulikuwa sebuleni kwangu Kikwajuni tukicheza mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa karatasi na dadu, Jumamosi usiku baada ya isha, birika la chai ya tangawizi limeshapoa na kachori zimebaki mbili ambazo kila mtu anaona haya kuzichukua. Kikosi cha wachezaji kilikuwa daraja la 8, yaani kiwango cha ukomavu wa wahusika. Mchawi wa upande wa adui akatupa mpira wa moto, chui akashindwa kukwepa, nikarusha dadu 8 za nyuso sita, zikatoka 29. Chui alikuwa na uhai 19, yaani alama za kustahimili majeraha. Toa hapo, unapata hasi 10, na katika toleo la 3.5 la mchezo huo, Dungeons & Dragons hasi 10 ndiyo kaburi.

Shaame akaitazama karatasi yake, kisha akanitazama mimi. "Yakhe, mnyama nimemlea miezi mitatu, kafa kwa mkupuo mmoja?"

Sikuwa na jibu. Mimi ndiye msimulizi, adui nimempanga mimi, na kosa lilikuwa langu kuliko la dadu. Tangu hapo nimeendesha wahusika wengi wa aina hiyo, waliogawa madaraja yao kwa fani mbili (fani ndiyo kazi ya mhusika, kama mwizi au mchawi) huku wakiburuta mnyama, na nimeshaharibu mambo kwa njia zote mbili: kumwacha mnyama afe kama nzi, na kumnenepesha mpaka wenzake mezani wakawa watazamaji.

Tatizo lenyewe ni jepesi kulieleza. Mnyama hakui kwa madaraja ya mwenyewe, hukua kwa madaraja ya fani iliyomleta. Shaame alikuwa druidi (mganga wa porini) daraja la 4 na mwizi daraja la 4. Adui anampima kama mtu wa 8, lakini chui anamjua kama druidi wa 4. Tena chui ni mnyama wa ghali: sheria inamkata druidi madaraja 3 kabla ya kumhesabia nyongeza yoyote. Kwa hiyo yule chui alikuwa chui wa druidi wa daraja la 1, chui mtupu kama alivyotoka kitabuni. Angekuwa Shaame ni druidi mtupu wa 8, chui wake angekuwa na uhai kama 32, na angejua ule ukwepaji wa kutoka salama kwenye moto. Renja (mwindaji wa msituni) wa toleo hilo ana hali mbaya zaidi, maana mnyama wake huhesabiwa kwa nusu ya madaraja yake, na hampati mpaka afike la 4.

Jambo ambalo watu hulikosa ni hili: ukishajua kwamba utasimama kwenye daraja la 4 la udruidi, usichague mnyama kwa sifa zake za mbele. Hutafika huko. Chagua kwa mwili anaokuja nao siku ya kwanza. Mbwa mwitu hakatwi madaraja, kwa hiyo druidi wa 4 anapata mbwa mwitu mwenye uhai kama 26 na ule ukwepaji ambao chui hakuwa nao. Kwa hesabu tupu, mbwa anamshinda chui. Nilipomwambia Shaame hivyo alicheka, akasema mbwa hafugi hata kwenye karatasi, atatawadha mara ngapi. Mwenzetu mmoja wa Wete, ambaye utoto wake wote ameuona mchezo wa ng'ombe kule Pemba, alitaka fahali. Fahali hayumo kwenye orodha, nikampa hesabu za nyati wa Marekani, ambaye yumo na anakatwa madaraja 3 vilevile. Uhai 37, pembe zinazotoa dadu moja ya nane na kuongeza 9. Fahali yule mpaka leo yuko hai, ana kovu moja tu.

Lakini Shaame hakumtaka chui kwa ajili ya namba. Huku kwetu chui ana habari yake. Bibi yangu, wa Makunduchi, alikuwa akitenga chui wa porini na chui wa watu. Chui wa watu ana mwenyewe, analishwa, anatumwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilipita kampeni ya kuwasaka chui pamoja na waliotuhumiwa kuwafuga, na leo wataalamu wengi wanaamini kwamba chui wa Unguja ametoweka. Mimi nilimwona mmoja tu, aliyekaushwa, kwenye makumbusho pale Mnazi Mmoja nikiwa mtoto, macho yake ya bandia yanatazama ukutani. Sasa mchezaji anayekuja na chui wa aina hiyo, mwizi wa vichochoroni anayefuga chui kwa siri, huwezi kumwambia "chukua mbwa mwitu ana hesabu nzuri". Umemletea jibu la kitabu kwa mtu aliyeleta hadithi.

Basi nikatunga sheria ya nyumbani, na ndiyo ninayokushauri: mpe mnyama mwili, usimpe makali. Kwa uhai na ngozi, hesabu madaraja yote ya fani iliyomleta, halafu ongeza nusu ya madaraja ya fani nyingine. Kwa nguvu, wepesi, mbinu na vipaji, hesabu fani iliyomleta peke yake. Shaame akawa na 4 na 2, jumla 6, kata 3, zikabaki 3, na kwenye jedwali 3 inampa chui dadu mbili zaidi za uhai na ngozi ngumu kidogo. Akafika 32. Ukwepaji sikumpa. Shabaha ya meno inapanda kidogo kwa sababu ya zile dadu za uhai, nimeisamehe.

Kwa nini si makali? Kwa sababu mnyama wa mwizi hahitaji kung'ata ili awe na faida. Mwizi anaishi kwa pigo la kuvizia, na pigo hilo linataka adui awe amebanwa katikati. Chui akisimama upande wa pili, kazi ameshaimaliza. Mwizi wa daraja la 4 anaongeza dadu mbili za nyuso sita kila pigo linapopata. Ukimhesabu mnyama kwa meno yake tu utaona ni dhaifu, utamwongezea, na baada ya wiki mbili utashangaa kwa nini mchezaji mwenye shujaa wa upanga ameanza kuchelewa kuja.

Toleo la tano, la 2014, limebadilisha mambo, na sheria za 2020 za mnyama wa renja zikabadilisha tena. Hapo nimekuta kichekesho. Kinga (ugumu wa kupigwa) na umahiri wa mnyama hupanda kwa daraja zima la mhusika, ila uhai wa mnyama wa nchi kavu ni 5 na kuongeza 5 kwa kila daraja la urenja. Renja wa 3 aliye pia mwizi wa 5 ana mnyama mwenye kinga 16, sawasawa na ya renja mtupu wa 8, lakini uhai 20 badala ya 45. Makali ya mzee, roho ya mtoto. Kinyume kabisa cha ninavyopenda! Natumia nusu yangu ileile: 3 na 2, uhai unakuwa 30. Zaidi ya hapo siendi, kwa kuwa mnyama huyo akifa, mwenyewe anaweza kumgusa ndani ya saa moja, akatumia nafasi moja ya uchawi, na mnyama akarudi mzima baada ya dakika moja.

Toleo hili pia lina breki yake ambayo wengi hawaioni. Kumwamuru mnyama ashambulie kunakula tendo lako la ziada, ambalo ni moja tu kwa zamu, au pigo lako mwenyewe, na mwizi naye kuanzia daraja la 2 ujanja wake wote, kukimbia, kujificha, kuchomoka, unataka tendo hilohilo. Usipotoa pigo lako, kwa zamu moja ni ama chui arushe kucha, ama wewe upotee gizani. Wachezaji wangu wakibishana sana kuhusu mnyama kuwa na nguvu kupita kiasi huwa nawaambia wahesabu matendo ya ziada kwanza. Asipoamrishwa anakwepa tu, lakini hata hivyo amesimama karibu na adui, na pigo la kuvizia la mwizi wa 5, dadu tatu, linapita. Ndiyo faida ya bure, na mimi naiacha.

Njia niliyoiacha kabisa ni ya kumbana mnyama kwa hadithi. Zamani nilidhani ni busara: mji una vichochoro kama Mji Mkongwe, walinzi hawataki chui, basi abaki nje. Shaame alikaa usiku mzima mnyama wake yuko langoni. Mara moja inanoga. Mara ya tatu ni adhabu, na mchezaji anaijua adhabu akiiona.

Na zamu. Ukiwa na watu sita na wanyama wawili, usiku unaisha kabla ya vita kwisha. Mezani kwangu mnyama anarusha dadu pamoja na mwenyewe kwa mkono mmoja, na aliyepoteza mhusika wake usiku huo anakabidhiwa karatasi ya mnyama.

Mtu wa fani tatu mwenye mnyama bado sijamkubali. Shaame ameshaniuliza mara mbili.