Betri Hailali Garini

Jumamosi iliyopita, kando ya ziwa moja hapa Minnesota, Marekani, nilimwona kijana wetu akifungua buti, akatoa droni iliyolala humo usiku kucha, akairusha papo hapo. Baridi ilikuwa nyuzi 21 chini ya sifuri. Mdogo wangu, uliona chaji asilimia 90 kwenye skrini ukaridhika, sivyo? Basi keti, waite na wenzako.

1. Betri hulala ndani ya nyumba na husafiri ndani ya koti, karibu na mbavu. Droni nyingi ndogo zimeandikiwa mwisho wa baridi nyuzi -10, na huko tulishapita. Baridi huipooza betri ya lithiamu. Ukisukuma stiki za rimoti kwa nguvu, volti huporomoka. Chaji imo, ila haichoteki.

Nayajua kwa sababu yalinikuta. Winta yangu ya pili huku, mwezi wa Januari, nilipewa harusi ya Wakenya wenzetu. Maharusi walitaka picha moja tu ya juu: wao wawili katikati ya ziwa lililoganda, weupe pande zote. Shangazi wa bibi harusi alisimama ufukoni, makoti mawili juu ya dera. Mimi betri zilikuwa garini tangu alfajiri, na nilikuwa na haraka ya mtu anayetaka kuonekana fundi. Nikapanda moja kwa moja hadi mita 80, nikaukabili upepo. Asilimia 64. Nikapanga fremu, 61. Rimoti ikalia, 61 ikawa 19, kisha droni ikaanza kushuka yenyewe. Ikifika hapo haikuulizi itue wapi. Ilitua kule kijito kinakoingilia ziwani, ambako maji hutembea chini na barafu haishiki.

Kosa la betri ni la kila mtu. Langu hasa ni kwamba niliifuata. Idara ya Maliasili ya jimbo inasema barafu mpya, safi, iwe na unene wa inchi 4 ndipo mtu aikanyage. Sikupima hata moja. Hatua kama thelathini hivi, nikasikia mlio mwembamba, kama kanga inayochanwa. Shangazi akapiga ukelele: “Wewe mwana wewe! Mamako nitamwambia nini?” Nikarudi kwa tumbo, ndani ya suti ya kukodi, maharusi wakitazama. Droni ilibaki kule ikiwaka taa zake mpaka zikazimika, na kadi ndani yake ilikuwa na video yote ya kutoka kanisani. Pesa nilirudisha. Ile simu ya Jumatatu kwa bibi harusi, hiyo ndiyo bado hunijia usiku.

2. Ikipaa, ielee dakika moja karibu nawe betri ijipashe moto. Geuza urudi ukiwa na nusu ya chaji.

3. Usitue juu ya theluji. Zulia la miguuni la gari latosha.

4. Theluji huidanganya kamera, ikatoka kijivu. Ongeza mwanga kwenye mipangilio ya kamera.

5. Kukiwa na ukungu, acha kabisa. Barafu huganda kwenye propela nawe huioni.

6. Simu hufa kabla ya droni. Bandika kipakiti cha joto nyuma yake.

7. Kabla hujaingia ndani, ifunge droni kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uache ipate joto polepole humo humo, la sivyo lenzi huota umande. Rafiki yangu alipuuza, akaizika droni kwenye mchele ikauke, akaenda kazini zamu ya usiku. Mkewe hakuambiwa kitu. Aliitoa droni, akaipangusa vizuri, akaupika mchele. Sote tulikula, na skrubu moja nilikutana nayo mimi.

Nawe wa Jumamosi, droni yako ilirudi kwa bahati tu. Jumapili nikakuona tena, betri zimepangwa juu ya dashibodi kama maandazi. Pita nyumbani uchukue koti langu la zamani, lina mifuko minne ya ndani.