Kupima ulaji wa marmoseti: bakuli peke yake halitoshi

Mkuu, umeuliza kama kupima chakula asubuhi na masalia jioni kunatosha kujua kila marmoseti kala kiasi gani. Kwa kundi zima inasaidia; kwa mmoja mmoja, hapana. Vijinyani hivi vya Brazili, vyenye gramu 300 hadi 400 tu vikikomaa, huishi kifamilia na wakubwa huwaachia watoto chakula. Anayechukua si lazima ndiye anayemeza.

Halafu tunda lililokatwa hukauka, na mizani itadhani limeliwa. Weka bakuli la pili lenye chakula kilekile mahali wasipofika, kisha upungufu wake uutoe kwenye hesabu. Makombo ya sakafuni yaokote yote, maana hawa kwa kumwaga hawajambo.

Ukitaka tabia yenyewe, mfuate mmoja kwa dakika 10 ukiandika kila anachofanya, ndipo uhamie mwingine, zamu zipangwe kwa kura. Jeanne Altmann, yule mtafiti wa nyani wa Amboseli, Kenya, aliitetea njia hiyo mwaka 1974, nami sioni sababu ya kuiacha. Na utomvu je? Porini hutoboa magome kwa meno kuupata, kwa hiyo ukiwawekea, muda huo nao uhesabu kuwa ni kula.