Lori la oto LINA klachi, usilishikilie mlimani kwa mafuta

Hapana jamani, hapana. Ndugu uliyeuliza, kabla hujapokea huo ufunguo soma hapa kwanza. Umesema umezoea gia ya mkono, sasa tajiri anakupa lori la otomatiki lenye tela, na unataka kujua lipi bora barabarani, ulaji wa mafuta ukoje, spea zake zikoje na mlimani litakusumbua au la. Halafu mchangiaji mmoja hapo juu akakujibu kwamba oto ni starehe tupu, ukikuta foleni kwenye mlima unakanyaga mafuta kidogo na gari linatulia lenyewe bila kurudi nyuma. Ushauri huohuo nilipewa mimi, neno kwa neno, na uliniunguzia klachi nikiwa na mzigo kamili.

Lori la oto lina klachi, kile kinachounganisha na kutenganisha injini na giaboksi. Kilichoondolewa ni pedali tu. Volvo yenye I-Shift, Scania yenye Opticruise, Mercedes yenye PowerShift na nyingi zenye giaboksi ya ZF, ndani ni gia zilezile za manuali, mara nyingi 12, na klachi kavu ya pleti inayosuguana na flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini. Tofauti ni kwamba kompyuta ndiyo inayoamua lini klachi ikanyagwe, kazi uliyokuwa ukiifanya kwa mguu. Opticruise za mwanzo zilikuwa bado na pedali ya klachi ya kuondokea na kusimamia, kwa hiyo waliozianza hizo hawakudanganyika. Oto ya gari dogo ni kitu kingine: nyingi zina konveta katikati ya injini na giaboksi, na ndani yake nguvu inapita kwenye oili, hakuna pleti ya kusuguana wakati wa kuondoka. Malori ya namna hiyo yapo, Allison wanatengeneza giaboksi zake, na utazikuta kwenye magari ya zimamoto, ya taka na mabasi ya mjini. La masafa marefu ulilopewa, karibu hakika si hilo. Ukitaka kujua, sikiliza linapobadili gia: ukihisi nguvu inakatika kidogo, mshale wa mizunguko unashuka, kisha linavuta tena, hapo klachi imefunguka na kufunga.

Sasa twende kwenye kosa lenyewe. Foleni ilikuwa juu ya mlima, kila mtu anasogea hatua mbili anasimama. Mimi nikafanya kama nilivyofundishwa: mguu kwenye ekseleta, mshale juu kidogo ya elfu moja, gari limetulia haliendi mbele wala nyuma. Laini kabisa. Kumbe wakati huo pleti imegusa flaiwili nusunusu, inateleza, na nguvu yote ya kubeba tela lile mlimani inageuka joto. Ikaja harufu kali, nikadhani ni breki za jirani. Dashibodi ikaandika onyo la joto la klachi na kuanza kulia. Gari likaanza kurudi nyuma taratibu, nami badala ya kukanyaga breki nikaongeza mafuta. Basi. Injini inanguruma, mshale unapanda, lori halisogei hata inchi.

Ilipofunguliwa, pleti ilikuwa imebaki chuma, presha pleti, ile inayoibana pleti kwenye flaiwili, imegeuka rangi ya bluu na flaiwili ina nyufa ndogondogo za joto. Hesabu mwenyewe: kuvutwa na mzigo wake, pleti, presha pleti, beringi, flaiwili, mwenye mzigo anapiga simu kila saa, tajiri hataki hata kuniangalia usoni. Na haikuishia hapo. Fundi akafunga klachi mpya, akafunika, akasema tayari. Kompyuta haikufundishwa upya klachi inashikia wapi. Hilo hufanywa kwa mashine ya kupimia inayounganishwa na kompyuta ya gari, bila hiyo inaendelea kukumbuka ile iliyoungua. Lori likawa linaruka kila likiondoka, na klachi mpya ikaanza kuliwa kabla haijazoea barabara. Kwa hiyo fundi akikwambia hakuna haja ya kompyuta, ondoka naye hapo hapo.

Huyo aliyenikabidhi lile lori bado ananikera. Alipewa kazi ya kutuelekeza, akazunguka gari mara moja, akaonyesha kitufe cha D, akasema "kanyaga tu twende." Neno klachi halikumtoka mdomoni. Mtu anayekabidhi chombo kizito namna hiyo kwa maneno matatu asipewe kazi hiyo.

Kwenye manuali mguu wako wa kushoto ndio mlinzi. Ukishikilia lori mlimani kwa nusu klachi, goti linatetemeka, mguu unachoka, unaacha mwenyewe. Kwenye oto mguu huo umekaa tu, hauumii, hauhisi chochote, na pleti inaungua kimya. Na wale wanaopenda kusema dereva wa kweli haunguzi klachi: nimeendesha giaboksi za Eaton Fuller za gia 18 zisizo na sinkronaiza, yaani kifaa cha kulinganisha kasi ya gia, zile unazopangua kwa kusikiliza injini. Ujuzi wote huo haukunisaidia chochote, kwa sababu hakuna aliyeniambia kuna klachi ya kulinda.

Kwa hiyo ukikwama foleni mlimani, lori lishikiliwe na breki, kamwe lisishikiliwe na mafuta. Weka handibreki. Usimfuate wa mbele nusu mita nusu mita; mwache aende, nafasi ifunguke ya kukutosha kuondoka mpaka klachi ishike yote na mguu wako utulie. Watapiga honi, wapige. Weka upande wa manuali, ule wa kuchagua gia mwenyewe, gia ya kwanza, kanyaga kwa uhakika, ondoka moja kwa moja. Ule msaada wa kuondokea mlimani unashika breki sekunde chache tu, ni wa kukuvusha mguu kutoka pedali moja kwenda nyingine, usiutegemee kukuegeshea gari. Ukirudi nyuma kwenye jukwaa la kupakulia ni hivyohivyo: rivasi ya chini kabisa, na usicheze na ekseleta ukitafuta sentimita. Onyo la joto likiwaka, simama, handibreki, nyutro, acha injini ingurume taratibu, subiri mpaka lizime. Usizime injini, maana ikizunguka klachi inapata upepo wa kupoa.

Mteremko? Chagua gia ya chini kabla hujaanza kushuka, iwekee manuali, tumia breki ya injini au ritada, kile kifaa cha kupunguza kasi bila breki za magurudumu. Ukiiacha kwenye D bila breki ya injini inaweza kupanda gia yenyewe, na zenye mfumo wa kubana mafuta hujitupa nyutro, halafu kazi yote inabaki kwa breki za magurudumu. Kwenye matope pia weka manuali, usije ukabadilishiwa gia katikati nguvu ikakatika ukazama.

Mimi leo nikipewa kuchagua nachukua oto, na sirudi nyuma. Lakini kesho kabla ya kuondoka omba waunganishe mashine ya kupimia wakuonyeshe klachi iliyopo imeliwa kiasi gani. Waandike kwenye karatasi ya makabidhiano. Ndipo utie saini.