Lori la kemikali limeanguka kijijini: kabla ya maji au mchanga, soma namba

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyofuata. Kwa atakayepita hapa baadaye: jamaa anaishi kando ya barabara kuu, tanki la kemikali lililala mtaroni jirani na kwao, harufu kali, vijana wakasogea na ndoo, zimamoto wakafika baadaye sana. Anauliza walipaswa kufanya nini wakati wanasubiri. Wachangiaji wamegawanyika, wengine maji, wengine mchanga, na mmoja kasema maziwa. Nimefanya kazi ya usalama kwenye kampuni ya malori yanayotoka bandari ya Dar kupitia Tunduma kwenda Zambia na Kongo, na kabla ya hapo nilikuwa kwenye mtambo wa kusafisha maji. Ngoja nijibu kwa kirefu.

Maji yanaweza kuwa sahihi, mchanga unaweza kuwa sahihi, na vyote viwili vinaweza kukuua. Inategemea ndani kuna nini, na hilo limeandikwa nje ya tanki. Tafuta kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini ina tarakimu nne na ndiyo jina la mzigo: 1203 ni petroli, 1830 asidi ya salfuriki, 1017 klorini, 1005 amonia, 1689 sianidi ya sodiamu, 1075 au 1965 gesi ya kupikia. Ya juu inataja aina ya hatari: 3 ni kimiminika kinachowaka, 6 ni sumu, 8 ni kitu kinachounguza. Tarakimu ikirudiwa, kama 33 au 66, hatari imekolea. Ukiona herufi X mbele ya namba ya juu, mzigo huo haupatani kabisa na maji, wekeni ndoo chini.

Kibao usikifuate ukakisome kwa macho. Simu uliyonayo ina kamera, vuta picha kutoka mbali. Halafu piga 114, taja hizo tarakimu nne, taja mahali na upepo unaelekea wapi. Ukisema tu "lori la kemikali linavuja" zimamoto wanatoka na gari la maji. Ukisema "1830" anayejua kazi ataanza kutafuta chokaa kabla hajawasha gari. Upo pia mwongozo wa dharura wa Marekani, Kanada na Meksiko (Emergency Response Guidebook, kifupi ERG) ambao waokoaji wengi duniani wanautumia. Unaingiza namba, unakupeleka kwenye ukurasa unaosema ukae umbali gani na uzime kwa nini. Upo bure kwenye simu, ila ni wa Kiingereza. Umbali wa kuanzia humo ni mita 50 kila upande kwa vimiminika vingi na mita 100 kwa gesi, na hapo hakuna moto. Moto ukishagusa tanki la petroli ni mita 800. La gesi ya kupikia ni 1,600. Wengi wakisikia hiyo 1,600 wanacheka. Basi pima kichwani kutoka kwenu mpaka shuleni uone kama inafika.

Tatizo letu, na hapa nitasema bila kuficha, ni kwamba vibao havipo, au vimefunikwa na tope, au tanki lilishabadilishiwa mzigo na kibao kikabaki cha safari iliyopita. Karatasi za mzigo ziko ndani ya kichwa cha lori, mahali pabaya kuliko pote lori likianza kuwaka. Nilipokuwa kazini niling'ang'ania nakala ibandikwe pia nyuma ya tela, nikaonekana msumbufu. Kama hakuna kibao, muulize dereva au utingo akiwa bado ana fahamu, na ukikosa yote, chukulia kuwa ni kibaya kuliko unavyodhani.

Sasa asidi, maana nahisi ndiyo iliyowaangukia. Njia hii inapitisha vitu vingi vya migodi ya shaba ya Kongo. Upande wa Mbeya tulikuta tanki limelala ubavu, valvu ya chini inadondosha, na wenyeji wameshakusanya mapipa ya maji kwa moyo safi kabisa. Tukawazuia. Asidi kali ikipata maji kidogo inachemka papo hapo na kurusha matone usoni mwa aliyemwaga. Tulichofanya ni kazi ya jembe: tuta la udongo chini ya mteremko, mtaro ukazibwa pande mbili ili isifike kijitoni, dimbwi likafunikwa udongo mkavu, kisha chokaa na magadi vikaongezwa kidogo kidogo, kwa sababu navyo vinatoa joto na povu. Sigara marufuku, kwani asidi ikila chuma inatoa haidrojeni, gesi inayowaka kwa urahisi. Lakini utingo aliyerukiwa mkononi tulimvua shati na kummiminia maji mengi bila kukatisha kwa zaidi ya dakika 20. Hapo ndipo wachangiaji wanapochanganya: kwa mtu ni maji mengi mno na haraka, kwa dimbwi hapana. Februari 2019, huko Lualaba nchini Kongo, lori la asidi lililokuwa likielekea mgodini liligongana na basi. Walikufa watu wasiopungua 18, wengine wakiunguzwa na huo mzigo wenyewe. Kwa hiyo ukiona kitu kama mafuta mazito hakina rangi na kinafuka kidogo, kaa nacho mbali.

Petroli sina haja ya kuieleza sana, Msamvu inatosha. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Morogoro lori la petroli lililoanguka liliwaka, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, wengi wakichota mafuta au wakitazama. Sachangwan kule Molo, Kenya, 2009, ni hivyo hivyo. Sange, Kivu Kusini, Kongo, Julai 2010, zaidi ya 200. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwa chini mpaka uikute bodaboda iliyowashwa, hata kama imeegeshwa mbali na lori. Anayekwambia "mimi nachota pembeni tu" hajui pembeni inaishia wapi.

Salfa, yaani kiberiti upele, inapita kwa wingi sana kwenda kutengenezea asidi hukohuko Kongo. Ikiwaka, mwali wake ni wa bluu hafifu, jua la mchana unaweza usiuone kabisa. Unachokutana nacho ni moshi unaokaba koo. Hapa maji yanafaa, ila yawe ya manyunyu. Ukiipiga kwa mpira wa nguvu unarusha vumbi, na vumbi la salfa linalipuka.

Sianidi ya migodi ya dhahabu husafirishwa kama vipande vyeupe, ndani ya masanduku, ndani ya kontena. Ikimwagika ikiwa kavu, iache kavu. Ifunikeni turubai isinyeshewe, mfukuze mifugo, msiiguse wala kuinusa. Ikikutana na asidi au unyevu inatoa gesi inayoua kwa dakika. Wanasema inanuka kama lozi chungu, lakini watu wengi pua zao hazipati kabisa harufu hiyo, kwa hiyo kutosikia harufu hakukuhakikishii chochote.

Klorini ndiyo niliyoishi nayo mtamboni. Ni ya kijani-manjano, nzito mara mbili na nusu kuliko hewa, inashuka mabondeni na kwenye mashimo. Kwa hiyo unakimbilia juu, na unakimbia ukikata upepo, kulia au kushoto. Ukikimbia kufuata upepo unakwenda na wingu. Mtungi ukivuja usiumwagie maji: klorini na maji hutoa asidi, asidi inakula chuma, tundu la sindano linakuwa la kidole. Sisi tulikuwa tunauzungusha mtungi mkubwa ili tundu litazame juu. Ndani yake kuna kimiminika chini na gesi juu, na lita moja ya kimiminika ikitoka inazaa zaidi ya lita 400 za gesi, afadhali itoke gesi yenyewe. Wanaingia wawili wenye mitungi ya hewa mgongoni, wawili wengine wamevaa tayari wanasubiri nje. Barakoa ya kitambaa pale ni pambo. Amonia ya viwanda vya barafu na samaki ni kesi nyingine: maji ya manyunyu yanalimeza wingu lake vizuri, ila usiyaelekeze kwenye dimbwi la amonia yenyewe, utaifanya ichemke na kutoa wingu kubwa zaidi.

Kuna aliyeshauri mjifungie ndani. Kwa nyumba ya ghorofa yenye vioo, sawa, panda juu na uzibe. Nyumba zetu nyingi zina matundu ya hewa juu ya madirisha na bati lililoachana na ukuta. Mimi ningeondoa watu mapema, wazee na watoto kwanza, wakikata upepo kwanza ili wasipite penye lori, kisha kuelekea upande upepo unakotoka. Kujifungia kuwe pale tu wingu limeshakata njia.

Na msiwalaumu sana zimamoto kwa kusimama mbali. Tianjin, China, Agosti 2015, ghala la kemikali lililipuka, watu 173 walikufa au kupotea, zaidi ya nusu wakiwa wazima moto. Mji wa West, Texas, Marekani, Aprili 2013, walikufa 15, wengi wao waokoaji waliokimbilia moto wa ghala la mbolea, nalo likalipuka. Beirut, Lebanoni, Agosti 2020, kikosi cha wazima moto kilichotumwa kwenye moto bandarini kiliangamia chote ghala lilipolipuka. Askari anayesimama barabarani akiuliza namba anafanya kazi yake. Pia maji ya kuzimia yana pa kwenda: tarehe 1 Novemba 1986 ghala la viuatilifu liliwaka karibu na Basel, Uswisi, maji ya zimamoto yakaingia na sumu kwenye mto Rhine na samaki wakafa umbali mrefu. Kwenu mnakunywa kijito hicho hicho, kwa hiyo wekeni mlinzi kisimani mpaka Mkemia Mkuu wa Serikali au watu wa mazingira wapime.

Maziwa hayaoshi mapafu, tuache. Aliyevuta klorini au moshi wa salfa anaweza kuonekana mzima jioni, kisha usiku mapafu yakajaa maji, kwa hiyo apelekwe hospitali hata kikohozi kikiwa kimeisha. Mpeni na ile namba ya tarakimu nne, daktari ataihitaji. Nguo zake zikae nje kwenye mfuko, mama asizifue na za watoto.

Halafu umetaja kwamba vijana waliokota madumu ya bluu yaliyodondoka na sasa yako majumbani. Zungukeni na mwenyekiti wa kijiji leo hii, myakusanye yote, hata yaliyokwisha kusafishwa kwa sabuni, kabla hayajaanza kuchotewa maji ya kunywa.