Maswali yenu kuhusu msimbo wa Morse

Nilikuwa fundi wa simu ya upepo melini. Meli zimeacha Morse, ile ya kupiga herufi kwa milio mifupi na mirefu. Bado kuna anayeipiga? (Mstaafu, Mombasa)

Shikamoo mzee wangu. Wapo, tena wengi. Meli zilihamia mfumo mpya wa satelaiti na kompyuta mwaka 1999, lakini wapenzi wa redio za ridhaa hawakuiacha. Jioni sikiliza kati ya megahezi 7.000 na 7.040. Ukisikia CQ, mtu anamwita yeyote anayemsikia. 73 ni zile zile salamu za kuagana. Ila redio iwe na SSB, ile hali ya kupokea inayogeuza mawimbi ya Morse kuwa mlio. Redio ya kawaida ya taarifa ya habari itakupa mvumo tu unaokatikakatika, mlio hutausikia.

Nimebandika chati ya nukta na vistari ukutani na nimeikariri yote. Nikisikiliza, naambulia patupu. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Dodoma)

Ibandue leo, mwanangu. Chati inakufundisha kuhesabu, na ukimaliza kuhesabu herufi moja, mbili zimeshapita. Morse ni lugha ya masikio. K isikie kama "daa-di-daa", M kama "daa-daa", kila moja mlio mmoja mzima usiokatwa vipande.

Mjerumani Ludwig Koch, mwanasaikolojia, alionyesha njia hii miaka ya 1930: unaanza na herufi mbili tu, kwa kasi kamili, tuseme maneno 20 kwa dakika. Ukipatia tisa kati ya kumi, ongeza ya tatu. Ukizidiwa, panua kimya kilicho kati ya herufi, lakini herufi yenyewe usiipunguze kasi, maana ukiinyoosha utarudi kulekule kwenye kuhesabu. Programu za bure za simu zinafanya hivyo. Robo saa kila siku inatosha, na inafaa kuliko kujifungia Jumamosi nzima.

Nikishazoea programu, nijipime kwa nini? (Nairobi)

Weka redio kwenye megahezi 14.100. Hapo vituo 18 duniani vimepangiwa zamu ya kurusha jina lao kwa Morse, kila kimoja sekunde 10, na baada ya dakika tatu mzunguko unaanza upya. Kenya imo kwenye orodha kwa jina 5Z4B. Afrika Kusini ni ZS6DN, Sri Lanka 4S7B. Jina hupigwa kwa kasi ya maneno 22 kwa dakika, kisha hufuata vistari vinne virefu: cha kwanza kwa wati 100, kisha 10, kisha 1, na cha mwisho sehemu ya kumi ya wati. Mimi huufurahia sana mchezo huu. Ukikinasa hata kile cha wati moja kutoka Sri Lanka, utaelewa kwa nini watu wanarudia redio.

Je, kurusha mwenyewe ni ghali? Na leseni? (Mama Neema, Mwanza)

Dada yangu, leseni ni lazima. Waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kabla hujanunua mtambo. Tangu mwaka 2003 kanuni za kimataifa zinaiachia kila nchi iamue kama mtihani uwe na Morse.

Gharama ndipo Morse inapong'aa. Sauti ya mtu hutawanya nguvu kwenye upana wa hezi 2,400 hivi, Morse kwenye 150 tu, kwa hiyo wati 5 hufika mbali sana anga ikiwa nzuri. Antena ya megahezi 14 ni waya wa mita 10, unakatwa katikati pale unapoungwa kebo na kuinuliwa juu kadiri miti yako inavyoruhusu.